Damu ya Upande wa Ng'ombe

Kama hujawahi kupika damu, usimcheke anayeipika. Kazi ile ina adabu zake. Ukiwasha moto mkali, damu inashika chini ya pipa na kuungua, na damu iliyoungua hata umpe nguruwe gunia zima, atakula na hatakua, bora ungemlisha makaa. Ukiwasha moto mdogo inaiva nje tu, ndani mbichi, na kesho yake inanuka mpaka nzi wenyewe wanaikimbia. Yataka moto wa kiasi, mwiko mrefu, na mtu asiyekuwa na haraka ya kwenda popote. Unakoroga mpaka ule wekundu unageuka kahawia na kukatika mabonge mabonge. Unaitia guniani, unaigandamiza kwa jiwe ikamuke maji, unaianika juu ya mabati, unaigeuza kwa reki, na ikishakauka kabisa unaipeleka mashineni. Kinachotoka ni unga mweusi, na unga huo ndio uliowakuza nguruwe wa mwanamke ninayetaka kukusimulia.

Mtaani walimwita Mama Pipa, maana kila asubuhi alipita akisukuma mkokoteni wenye pipa la bluu, kutoka machinjioni hadi kwenye mabanda yake. Walimpa jina hilo kwa kejeli. Yeye akalipokea, akalivaa, likamkaa. Kuna siku jirani mmoja alimsimamisha njiani na kumwambia kwamba nguruwe akizoea damu, iko siku atakula mtu.

"Basi waanze na wewe," Mama Pipa akamjibu, "una nyama ya kutosha." Akasukuma mkokoteni wake akaenda zake.

Ndivyo alivyokuwa. Mdomo hakuwekewa kwa ajili ya kula peke yake. Lakini kwenye mambo ya nguruwe hakuwa na mzaha hata chembe. Alikuwa akisema nguruwe anayekua ni nyumba inayojengwa: pumba za mahindi ni mchanga, zinajaza tu, sasa saruji iko wapi? Hapo anapiga kofi gunia la unga wa damu. Saruji ndiyo hii. Hakuimwaga ovyo, maana nguruwe ladha ile haipendi sana, ukimzidishia anasusa na kukugeuzia matako. Alichanganya kidogo kidogo na pumba, mashudu ya alizeti, chokaa na chumvi, na nguruwe wake wakawa wanakua huku unawatazama.

Mabanda yalikuwa kwenye kiwanja cha marehemu baba yao, na mwenzake katika kazi alikuwa kaka yake mkubwa. Huyu alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, maisha yake yote yakaishia barabarani, mpaka mgongo ulipomkatalia usukani akarudi nyumbani na mkewe. Dada akamwambia karibu, mabanda ni ya kwetu sote. Basi yeye Mama Pipa anapika, kaka anachanganya chakula na kusafisha, na mke wa kaka, wifi yake, anakuja kuchota maji na kuleta umbea. Walitaniana, walinuniana, walipatana. Wifi alizoea kusema, "Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime," na kweli wakianza kubishana yeye anachukua ndoo anatoka.

Mabanda yale yalikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: nguruwe hapewi nguruwe. Si nyama yake, si mifupa yake, si maji yaliyooshea sufuria yake. Damu ya ng'ombe, ndiyo. Ya nguruwe, hata tone. Zamani baba yao alikuwa na nguruwe waliojaa mabanda yote, akapewa mabaki ya nyama ya nguruwe kutoka mahali penye karamu, akawamwagia horini akishukuru kwa bahati. Homa ya nguruwe ikaingia. Homa ile haina chanjo, haina sindano, haina dua. Wakaanguka wote, mabanda yakanyamaza, na mzee hakufuga tena mpaka anaingia kaburini. Mama Pipa ndiye aliyeyafufua mabanda yale, na sheria hiyo ndiyo iliyokuwa msingi wake.

Sasa machinjio yenyewe yalikuwa na pande mbili, ng'ombe huku na nguruwe kule, katikati ukuta. Kila upande ulikuwa na mfereji wake sakafuni, na damu ilikwenda kumwagika kwenye mtaro wa nyuma. Mama Pipa alikuwa akikinga yake upande wa ng'ombe, wachinjaji wamemzoea, wanamtania, wanampa. Lakini watu wanaokaa chini ya ule mtaro wakalalamika, na haki yao, nani anataka kufua kwenye maji mekundu? Ikaja amri damu isimwagwe tena. Msimamizi wa machinjio, mtu mmoja aliyetembea na filimbi shingoni kila siku mpaka wakamwita Bwana Filimbi, akajenga tangi moja kubwa la saruji nyuma ya jengo, akaiunganisha mifereji yote miwili, akasimama mlangoni akitangaza kama aliyegundua moto.

"Kuanzia leo damu inachotwa kwenye tangi tu. Hakuna kukinga ndani. Ya ng'ombe, ya nguruwe, yote humo. Anayetaka achote, bure kabisa."

Wafugaji wengine wakashangilia. Bure nani anakataa? Mama Pipa akashika mkokoteni wake akasimama pale pale.

"Bwana Filimbi, mimi nipe ya ng'ombe kama siku zote."

"Damu ni damu, mama. Ikichemka ni moja."

"Ikichemka! Haya, itachemka pipani. Na mkokoteni utauchemsha wewe? Matone yatakayodondoka njiani mpaka mlangoni kwangu utayachemsha wewe? Na nzi watakaotoka kwenye hilo tangi lako na kutua kwenye hori, wao nao wanachemshwa wapi, niambie niwapeleke."

Watu wakacheka. Bwana Filimbi hakupenda kuchekwa mlangoni kwake.

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka," akasema. "Tunajua ya baba yako, pole. Lakini hiyo ni hadithi ya zamani. Chukua ya tangi au uondoke."

"Naondoka," akasema Mama Pipa. "Na tangi lako ulinywe mwenyewe."

Akarudi na pipa tupu. Njia nzima lile pipa likapiga kelele kwenye mkokoteni, gong, gong, gong, na watu wakachungulia madirishani kuona leo kuna nini. Alikuwa amekasirika na alikuwa na hofu, vyote kwa pamoja, na asikudanganye mtu kwamba shujaa haogopi.

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Nguruwe wao walikuwa katikati ya kukua, ule umri ambao mwili unadai kila siku. Mwenye bucha kubwa ya mjini alikuwa ameahidi kuja kuwatazama mwezi ukiisha. Mtu yule hakuwa na maneno mengi: nguruwe aliyejaa anamchukua, aliyekonda anamwacha, na akiacha banda moja harudi tena, anahamia kwa mfugaji mwingine. Hapakuwa na mnunuzi wa pili wa kuchukua banda zima. Wakimkosa yeye, nguruwe wote wangebaki wakila bila faida mpaka mabanda yafungwe. Hiyo ndiyo hatari iliyokuwapo, na kaka mtu na dada mtu waliijua.

Akajaribu kila kitu. Akanunua vumbi la dagaa sokoni, akalitia kwenye maji kulipima, nusu yake ikazama chini: mchanga. Akaenda kwa wauza kuku akachukua manyoya, akayachemsha mpaka kuni zikamwishia, nguruwe wakayatafuna na kuyatoa nyuma vile vile yalivyoingia. Soya akaiuliza bei, akajifanya hakuuliza. Zikabaki pumba na mashudu. Matumbo yao yakajaa, miili ikaacha kukua. Manyoya ya migongoni yakaanza kukakamaa. Halafu wakaanza kung'atana mikia. Asubuhi moja alimkuta mmoja mkia umebaki kishina chenye damu na wenzake wanamwandama wakiulamba.

"Unaona?" kaka yake akamwambia, akiegemea ukuta wa banda mkono mgongoni. "Wewe unawanyima damu, wao wanaitafuta wenyewe. Mdogo wangu, kachukue ya tangi."

"Sichukui."

"Watu wote wanachukua. Nguruwe wao umewaona? Wanang'aa!"

"Nimewaona. Wang'ae."

"Tutapika vizuri. Wewe si ndiye bingwa wa kupika?"

"Kaka, hata nikiipika mpaka iwe majivu, kabla ya kuiva inakuwa mbichi. Inapita hapa getini ikiwa mbichi. Sitaki."

Kaka mtu akavuta pumzi ndefu. "Sikio halipiti kichwa," akasema.

"Na kichwa kisichosikia kina kazi gani?" akajibu dada, na wifi akachukua ndoo yake akatoka.

Siku chache baadaye Mama Pipa alikwenda kwenye kiwanda cha kukamua alizeti kufuata mashudu. Alikawia kwenye foleni. Alipokuwa anarudi, tangu kona ya mtaa alisikia harufu anayoijua kuliko marashi yake, harufu ya damu inayoiva. Akaacha gunia la mashudu chini pale pale barabarani, akakimbia.

Getini aliona matone mekundu yamefuatana kwenye udongo hadi ndani. Kaka yake alikuwa amesimama kwenye mafiga, jasho linamtoka, anakoroga pipa kwa mwiko. Tena anakoroga vizuri, moto wa kiasi, kila kitu kama alivyomfundisha.

"Hiyo damu ya wapi?"

"Ya machinjioni."

"Upande gani?"

"Imeshachemka," kaka akasema.

Jibu lilikuwa hilo. Mama Pipa hakuuliza tena. Akachukua magunia mawili matupu, akajifunga mikononi, akashika ukingo wa pipa, akalisukuma. Kaka akapiga kelele, akaruka nyuma. Damu yote ikamwagika motoni, moshi mzito ukapanda, moto ukazimika ukifoka, na nguruwe mabandani wakaanza kupiga kelele kwa ile harufu, wanarukia kuta kwa njaa. Mama Pipa akaingia stoo akatoka na chokaa, akaanza kuinyunyiza chini kwa mikono, kwenye mafiga, kwenye njia, kwenye matone, hatua kwa hatua mpaka getini.

"Una wazimu!" kaka akamfokea. "Una wazimu wewe! Nimetoka na mgongo huu mpaka machinjioni, nimesukuma peke yangu, unamwaga?"

"Namwaga. Lete jingine nalo nitalimwaga."

"Mimi ni mkubwa wako! Haya mabanda baba aliacha kwetu sote, hakukuachia wewe na chokaa yako! Wewe ni nani wa kutunga sheria? Eti nguruwe hapewi nguruwe. Hadithi hiyo mimi nimeisikia mpaka masikio yameota sugu."

"Umeisikia," Mama Pipa akasema, na hapo sauti ikamgeuka. "Ndiyo, umeisikia, maana hukuwepo! Ulikuwa barabarani na lori lako. Ulituma salamu. Mimi nilikuwepo, kaka. Mimi ndiye niliyewavuta kwa miguu mmoja mmoja mpaka shimoni, kwa sababu baba alikaa kwenye kizingiti akashindwa kusimama. Wengine walikuwa bado wanapumua. Unajua mama nguruwe anavyomtazama mtu anapovutwa akiwa bado anapumua? Hujui. Basi usiniambie hadithi. Mimi sijasikia hadithi, mimi nimeifukia!"

Wifi alikuwa amefika getini na ndoo yake. Safari hii hakutoka. Alisimama mkono mdomoni.

Ungedhani kaka mtu angelainika. Hata. Mtu akiguswa penye kidonda cha kweli hukasirika zaidi, na kidonda cha yule bwana kilikuwa hicho hicho, kwamba hakuwepo. Akakunja uso.

"Basi tugawane," akasema.

"Tugawane."

"Nusu kwa nusu."

"Nusu kwa nusu. Na wewe ni mkubwa, chagua kwanza."

Akachagua, na akachagua walionenepa. Mama Pipa akatazama wakitolewa mmoja mmoja. Seremala wa mtaa wa nyuma alikuwa na mabanda matupu, akawapokea. Jioni ile ile kaka akaenda kwenye tangi na mkokoteni wake mwenyewe, akapika huko, na kwa kweli nguruwe wake wakala wakalamba hori. Wifi akaja kumwambia Mama Pipa hayo, kwa sababu wifi hakujua kukaa na habari.

"Wifi yangu," akamwambia, "kichwa chako kigumu kuliko fupa. Yule ni kaka yako. Ungemezea tu."

"Nusu shari ni heri kuliko shari kamili. Angalau hawa ninao."

"Na hawa utawalisha nini?"

Wifi alipoondoka, Mama Pipa akaingia kwenye banda lililobaki wazi, akakaa juu ya ukingo wa hori tupu, akalia. Tusimfiche, alilia kwa sauti mpaka kamasi zikamtoka. Alimlilia kaka yake kuliko nguruwe. Miaka yote ile alikuwa akimngojea atoke barabarani, na sasa amemfukuza kwa pipa la damu. Akajiuliza kama kweli alikuwa na haki au ni ukaidi tu uliojivika nguo za haki. Alipomaliza kulia akajifuta kwa kanga, na jibu likawa lile lile. Hapewi.

Kesho yake alisugua pipa la bluu na mkokoteni kwa mchanga na sabuni mpaka vikang'aa, akavaa mabuti ya mpira, akachukua ndoo na gunia moja lililojazwa udongo na kushonwa mdomo. Hakwenda kwenye tangi. Alipita mlango wa wachinjaji, upande wa ng'ombe, akawaamkia kama kawaida, wakamwitikia wakidhani amekuja kuwasabahi. Akaenda moja kwa moja hadi pale mfereji unapotoboa ukuta kuelekea nje. Akalishindilia lile gunia kwenye tundu, akalikanyaga kwa mguu, likaziba kabisa. Akageuka, akalisimamisha pipa mferejini, akashika ndoo.

"Haya, wanangu," akasema. "Chinjeni."

Ng'ombe wa kwanza alikuwa ameshaanguka. Damu ikaja mferejini kama kawaida yake, ikafika kwenye gunia, ikakosa njia. Mama Pipa akachota ndoo, akamimina pipani. Akachota tena. Lakini mkono mmoja wa mwanamke hauwezi kushindana na machinjio mazima, na damu ikaanza kupanda, ikafurika mfereji, ikasambaa sakafuni. Wachinjaji wakaanza kuteleza. Mmoja akakaa chini puu na kisu chake, wenzake wakaangua kicheko, halafu wa pili akateleza na kicheko kikapungua.

Filimbi ikalia. Bwana Filimbi akaingia, akaona, akaipuliza tena.

"Wewe mama! Nani kakuruhusu? Toa hilo gunia!"

"Sitoi."

"Damu inachotwa kwenye tangi!"

"Hii haijafika kwenye tangi."

"Toka kwenye mfereji wangu!"

"Ukitaka nitoke, ingia unitoe. Karibu. Pana nafasi."

Bwana Filimbi akatazama viatu vyake vya ngozi, akatazama damu inavyomwendea, akarudi nyuma hatua. Huko nje magari ya nyama yalikuwa yameanza kupiga honi. Wenye mabucha walikuwa wanangoja, jua linapanda, na nyama haingoji mtu.

"Nitaita askari."

"Waite. Waambie waje na mabuti."

"Mama, nikikuruhusu wewe, kesho kila mtu atataka!"

"Wape! Wewe si unataka damu isimwagike mtaroni? Kila anayekinga huku anakupunguzia mzigo wa kule. Mimi ndiye ninayekusaidia, hujui tu. Weka pipa upande huu na pipa upande ule, kila mtu achukue anachotaka. Anayetaka kuchanganya akachanganye kwake. Lakini usinichanganyie wewe halafu uniambie niseme ahsante!"

Mchinjaji mkuu, mtu mnene aliyekuwa amesimama na shoka akingoja sakafu imruhusu kutembea, akasema kwa uchovu, "Bosi, mimi sijui nani ana haki hapa. Mimi nataka kumaliza kazi nikalale. Mwache achukue damu yake, tumechelewa."

"Kweli, mwache!" wakadakia wengine. Honi nje zikazidi.

"Leo tu," akasema Bwana Filimbi.

"Na kesho," akasema Mama Pipa.

"Nimesema leo tu!"

"Nimekusikia. Na kesho utanikuta hapa hapa."

Wachinjaji wakapiga miluzi. Bwana Filimbi akageuka akaenda nje kutuliza wenye magari, na kila mtu akajua kwamba hata kesho ameshaikubali. Mchinjaji mkuu akaanza kukinga kwa ndoo yake mwenyewe na kummiminia.

Kelele zile ziliwavuta watu waliokuwa kwenye tangi nyuma. Wakaja kuchungulia mlangoni, na kati yao alikuwa kaka yake. Alisimama pale na apuroni yake iliyolowa, akamwona mdogo wake ndani ya mfereji, damu imefika juu ya vifundo vya miguu, uso umetapakaa matone, pipa limejaa mpaka ukingoni na yeye anajaribu kulinyanyua peke yake kulitoa mferejini. Watu wote wanatazama, hakuna anayemsogelea. Alilisukuma, likaegemea, akateleza. Goti likagonga sakafu. Pipa likaanza kumwinamia.

Kaka mtu hakufikiri. Alivuka sakafu ile kwa hatua ndefu, mgongo mbovu na yote, akamnyooshea mkono.

"Usinishike!"

Alilizuia pipa kwa bega lake mwenyewe, meno yameuma, na mkono wa kaka ukabaki hewani.

"Umetoka kwenye tangi," Mama Pipa akasema akihema. "Kaka, nenda ukanawe."

Jamani. Mtu mzima, mkubwa wa nyumba, mbele ya wanaume wenzake wenye visu, anaambiwa akanawe mikono kama mtoto anayetoka kucheza. Mmoja akacheka kidogo, akajizuia. Kaka alimtazama mdogo wake pale chini, amepiga goti, bega chini ya pipa, anatetemeka, anaumia, na hataki. Ndipo, nadhani, kwa mara ya kwanza akaliona lile shimo la zamani ambalo hakulichimba. Aliona msichana peke yake na miguu ya nguruwe mikononi. Aligeuka akatoka.

Mama Pipa akajua amempoteza kabisa sasa. Likamchoma, na bado hakumwita. Akatafuta namna ya kujiinua bila kuliangusha pipa.

Kule uani bomba lilifunguliwa. Maji yakasikika yakimwagika, yakaendelea, yakaendelea sana. Kaka mtu akaingia tena. Alikuwa amevua apuroni, amevua mabuti, suruali ameikunja magotini, miguu mitupu, na mikono imesuguliwa mpaka viwikoni hadi imekuwa myekundu, povu la sabuni limebaki nyuma ya sikio. Akaingia mferejini, akashika upande wa pili wa pipa.

"Moja, mbili," akasema.

Wakanyanyua. Wakalitoa nje na kulipandisha kwenye mkokoteni wa dada.

"Wa kwako uache hapa hapa," Mama Pipa akasema.

"Nimeuacha."

Wakasukuma pamoja, yeye kushoto, kaka kulia anachechemea. Wakapita soko. Ndipo kaka akakohoa.

"Nguruwe wangu niwarudishe lini?"

"Hawarudi."

"Hawarudi?"

"Wameshakula ya tangi. Watakaa huko huko mpaka mwenye bucha awachukue. Mlangoni kwangu hawaingii."

Kaka akasimama. "Mimi nimenawa mpaka ngozi imetoka, mbele za watu, halafu unaniambia hawarudi?"

"Wewe rudi," akasema Mama Pipa, machozi yanamtoka na hasira haijamwisha. "Nguruwe wasirudi."

Kaka mtu akasonya, akashika mkokoteni, akasukuma.